Kitabu cha Kijiko Kiendacho Kaskazini

Jumatatu, 23 Septemba 2002

Miaka hamsini na moja na miezi tisa tangu nipande meli bandarini Hungnam kuja huku kusini. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mama alisema ni siku tatu tu, vita vikipita nirudi. Naanza daftari jipya. Lile la zamani lilioza kwa maji ya kimbunga.

Leo amepiga simu Bwana Tak Gihwan, mwenye kampuni ya barabara. Sauti ya mtu anayekuja kuazima kitu. "Abai, umestaafu kweli au unajisingizia?" Hapa Sokcho wote wananiita Abai, yaani babu, kwa lafudhi ya kwetu Hamgyong — hata watu wenye wajukuu wao! Nikamwambia nimestaafu, ila mikono bado haijapata barua.

Habari yenyewe ni hii. Barabara ya pwani itaunganishwa na ile ya ng'ambo ya mpaka, kaskazini. Ng'ambo wanaazimwa mitambo. Mitambo mipya yote iko kwenye matope tangu kimbunga cha mwisho wa Agosti, inafukua nyumba na madaraja. Kimebaki kijiko kimoja cha kuchimbia, cha mwaka 1983, tani ishirini, kimelala nyuma ya uzio miaka minne. Anataka nikifufue. Na kwa kuwa kitabu chake cha matengenezo ni cha Kijapani, nikiandike upya kwa maneno wanayoyaelewa mafundi wa kule. "Huku ni wewe tu unayejua wanavyosema," anasema.

Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: mwandishi wa kitabu ataandamana na mtambo. Kuukabidhi na kufundisha. Siku tatu.

Siku tatu!

Mama Herim, mke wangu, alikuwa anapasua samaki. Hakuinua kichwa. "Baba Herim, siku tatu zako nazijua. Zile za kwanza hazijaisha mpaka leo."

Jumatano, 25 Septemba

Nimekiona. Rangi ya njano imebaki kwenye vivuli tu, kwingine kutu. Ndege amejenga nyuma ya kiti. Injini imeshika mara ya nne, ikatoa moshi mweupe, kisha wa buluu, kisha ikatulia kabisa. Minyororo mizima. Pampu inaimba, hailii. Ukisikiliza pampu nyingi unajua tofauti.

Fundi wa Tak ni Pyo Sanggon, mtu wa Jinju, kusini kabisa. Ananiita kaka. Anaongea kama anayegombana hata akikupa chai. "Kaka, hiki si kijiko, hili ni kaburi lenye usukani." Lakini nimemwona akilipapasa bakuli lake la kuchotea kwa kiganja, kama mtu anayepapasa ng'ombe.

Kitabu: kurasa mia mbili na kumi na moja, jalada limekwenda. Kuna ukurasa mmoja wenye alama ya dole gumba la grisi. Hapo ndipo pa kuanzia. Fundi hashiki ukurasa kwa grisi ila amekwama.

Ukurasa huo unahusu mkono wa kijiko kushuka wenyewe.

Tukauinua mkono mpaka juu, tukazima injini, nikashika saa. Kitabu kinaruhusu milimita ishirini kwa dakika tano. Wetu umeshuka mia moja na arobaini. Unashuka taratibu, bila sauti, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Pyo: "Bakkin." Ndivyo mafundi wa huku wanavyoita sili, mpira wa kuzuia oili ndani ya silinda, neno walilorithi kwa Wajapani. Anataka zifunguliwe silinda zote mbili kesho.

Nimemwambia tusome kwanza. Kanitazama kama nimemwambia tusali.

Ijumaa, 27 Septemba

Si bakkin!

Kitabu kinaeleza jaribio. Mkono ukiwa juu, injini imezimwa, unafungua hosi ya upande wa fimbo ya silinda, unaziba ncha ya hosi, unasimama kando na kutazama tundu la silinda. Oili ikitoka, sili imekwisha. Isipotoka na mkono bado unashuka, tafuta kwingine.

Tulisimama kando. Matone matatu. Kisha pakavu. Na mkono ukaendelea kushuka mbele ya macho yetu, bila haya.

Pyo akakuna kisogo. "Basi kaka, anayekojoa ni nani?"

Swali zuri. Nimeshinda mchana kutwa na mchoro wa njia za oili. Nimeufuata kwa kidole kama ramani ya mji nisioujua. Mwandishi wa kitabu hiki alikuwa mtu wa subira. Kila anapofika pagumu anaandika, "Hapa usiharakishe." Ningependa kujua alikuwa na umri gani, alikaa dirisha gani. Nafasi kati ya pini na tundu lake anaiita "mchezo". Mchezo wa milimita moja wafaa, wa mbili badilisha. Nimeyanakili maneno hayo mara mbili kwa raha tu.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumempata. Pale kwenye chumba cha vali, panapotokea bomba la mkono, kuna vali ndogo ya kushikilia mzigo. Ndani yake tundu la milimita moja, ambalo mzigo wenyewe hupitishia presha ya kujifungia mlango. Limezibwa na unyuzi mweusi — kipande cha mpira mkongwe, chembamba kama unywele. Tani zote zile zimeshindwa na unywele!

Kitabu kinasema puliza hewa. Tumepuliza. Haukutoka. Pyo akachomoa waya. Nikamshika mkono. Waya unachuna, na tundu likichunika halitafunga tena milele. Nikachonga njiti ya kiberiti kwa wembe, nikaichovya kwenye dizeli, nikaizungusha polepole. Unyuzi ukatoka umejikunja kwenye ncha.

Hilo halimo kitabuni. Nitaliongeza.

Dakika tano: milimita kumi na moja. Pyo alikwenda kununua pombe ya mchele, akarudi, akanimiminia kwa mikono miwili.

Alhamisi, 3 Oktoba

Sikukuu, karakana imefungwa. Nimeandika toka asubuhi.

Kazi ngumu kuliko ya vali. Huku kijiko kinaitwa "poklein", jina la kigeni lililogeuka la nyumbani. Kule, nilipokuwa mwanafunzi wa kaka yangu kwenye karakana ya trekta, tulisema "ekskavator", kwa mdomo wa Kirusi, maana wahandisi Warusi walitupa maneno pamoja na spana. Pampu tuliita "ppompu". Kila nikiandika neno, namwona aliyenifundisha. Maneno mengine sikuwa nimeyatamka tangu mwaka hamsini. Nayasema kwa sauti chumbani. Mama Herim akauliza kupitia mlango kama nina mgeni.

Sura ya vali nimeiongezea sentensi yangu: "Tundu likiziba, tumia bijikke iliyochongwa, usitumie waya." Bijikke ni njiti ya kiberiti. Neno tamu. Mama akiniita toka jikoni: "Taesik, bijikke!" — nami natafuta mifukoni.

Jumanne, 8 Oktoba

Sura sita za kwanza zimekwenda ng'ambo kupitia ofisi ya mawasiliano. Tak ameipeleka pia orodha ya watakaovuka. Watu wawili: Pyo na mimi. Kwangu, mahali pa kuzaliwa, ameandika "Gangwon" badala ya Bukchong, mkoa wa Hamgyong. Nilimtazama. "Abai, mkoa wa Gangwon uko pande zote mbili za mstari. Nimedanganya wapi?"

Sikubisha. Naandika hapa kwamba sikubisha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tarehe tisa ya mwezi wa tisa, kwa kalenda ya zamani. Siku ya kuwaandalia wafu wasiojulikana tarehe zao. Mama Herim hupika wali kila mwaka, bakuli moja la ziada, na hasemi ni la nani. Mimi huwa natoka kwenda baharini asubuhi hiyo. Mama angekuwa na miaka tisini na miwili. Simwekei wali mtu ambaye sijaambiwa amekufa.

Leo pia nimetoka.

Jumatano, 16 Oktoba

Kurasa zimerudi!

Nilidhani watasifu. Wekundu mtupu. Kalamu nyekundu ya ofisini kwao, mwandiko wima. "Ekskavator" limekatwa kila mahali. Pembeni: "Neno hili lilikuwa likitumika zamani. Sasa tunasema mashine ya kuchimba." Na hilo neno lao jipya linakaribia kabisa lile lililoandikwa kwenye leseni zetu huku, ambalo hakuna fundi anayelitamka. Serikali mbili zisizosalimiana, na zimeafikiana neno ambalo hakuna mwenye mikono michafu anayelitumia! Pyo kacheka mpaka kakaa chini.

Mimi nilicheka kidogo. Maneno thelathini na saba yamekatwa. Nimeyahesabu. Ppompu imesalimika.

Kumbe nimekuwa nikitunza lugha ambayo wenyewe wameshaihama.

Lakini! Ukurasa wa vali. Nyekundu imezungushia "bijikke" na kuuliza: "Hiki ni kifaa gani? Kimo kwenye sanduku la vifaa?" Na chini yake, kwa penseli, mwandiko mwingine, mdogo, umelalia kushoto: "Bijikke! Bibi yangu wa Bukchong alisema hivi. Sijasikia kwa mwingine. Mwandishi anaitaje mfuko wa suruali?"

Nimeisoma nimesimama.

Nilidhani kaskazini yote inasema bijikke. Kumbe ni sisi tu. Ni jikoni mwetu tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimesahihisha yote thelathini na saba. Kwenye swali jekundu nimejibu kwa utaratibu: "Njiti ya kiberiti. Haimo kwenye sanduku." Chini, kwa penseli: "Gorumani." Ndivyo tulivyoita mfuko.

Penseli ikawa bado mkononi. Nikaongeza: "Bibi alikuwa wa upande gani wa mto?"

Jina langu sikuliandika. Jina linaweza kumuumiza aliyebaki. Neno la mfuko wa suruali halimuumizi mtu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nawaza ule mwandiko. Kijana, au mtu mzima mwenye mkono mwepesi? Mtunza stoo? Mpiga chapa? Aliandika "alisema", si "husema". Kwa hiyo bibi ameshakufa, au wako mbali. Mdogo wangu Kumnyo ana miaka sitini na moja, kama yupo. Anaweza kuwa bibi wa mtu. Na kila mwanamke wa Bukchong wa rika lake anaweza. Hesabu hiyo haifiki popote. Nimeifanya mara nne.

Mama Herim amekunja suruali zangu mbili na sweta, ameziweka kwenye mkoba mdogo. Hajasema ni za safari gani. Amesema tu kule baridi huanza mapema.

Alhamisi, 24 Oktoba

Zimerudi kwa mara ya pili. Nyekundu ni chache: nukta, namba za michoro. Kwenye ukurasa wa vali, penseli: "Wa chini, karibu na kinu cha mchele. Mwandishi atakuja na mtambo?"

Kinu cha mchele! Nakijua. Gurudumu lake lilikosa meno mawili, likawa linapiga teke kila likizunguka. Sisi tulikuwa upande wa juu. Tulikisikia.

Nilitaka kujibu hapohapo. Kisha nikageuza ukurasa wa kwanza. Juu kabisa, nyekundu, imepigwa mstari mara mbili: "Mwandishi ni mzaliwa wa wapi?"

Tak alikuwa ameshaiona. Mlango wa ofisi yake ulikuwa umefungwa, na mlango ule haufungwi hata akila.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kaniita. Kanimiminia chai mwenyewe, nikajua.

"Abai, umefanya nini? Nakuomba uandike kitabu cha mashine, wewe unaandikiana barua!"

Nikamwambia ni maneno mawili ya penseli.

"Maneno mawili yamewafanya watu wa ofisi mbili wakose usingizi. Wa kule wanauliza, wa huku wanauliza. Wamekubaliana tangu mwanzo: mwenye ndugu ng'ambo havuki. Hawataki machozi kwenye eneo la kazi."

Akasukuma karatasi. Mistari mitano. Nimeisoma kwa utaratibu ninaousomea kitabu. Mstari wa tatu: "Nathibitisha kwamba sina jamaa yeyote wa damu, aliye hai wala aliyekufa, upande wa kaskazini." Chini, nafasi ya muhuri wa jina.

"Nitawaambia uliyapata maneno yale kwa wazee jirani zako. Hapo kijijini kwenu kila mlango ni Hamgyong, nani atabisha? Piga muhuri. Ni karatasi tu, Abai. Jumatatu unavuka."

Tak si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Ananitakia safari hii kuliko ninavyoweza kujitakia mwenyewe.

Muhuri ninao mfukoni siku zote. Niliutoa. Nikaufungua kifuniko. Nikauliza kama mstari wa tatu unaweza kuondolewa. Hauwezi. Kama "wala aliyekufa" inaweza kuondolewa. Haiwezi.

Nikaomba mpaka Jumatatu asubuhi.

Nje, Pyo alikuwa anajifanya anasafisha filta. "Kaka, mimi nimewahi kutia sahihi mambo mabaya kuliko hayo. Nilitia sahihi ya ndoa." Nilipokosa kucheka, akaitupa filta. "Piga tu muhuri! Unasema uongo, unavuka, unakanyaga udongo wako, unarudi unatubu. Nani atakudai?"

Ana haki ya kuuliza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemsomea Mama Herim ile karatasi. Mistari yote mitano. Alikuwa anachanganya samaki na mtama wa kuchachusha, mikono myekundu kwa pilipili mpaka viwikoni. Yeye ni wa Samchok, huku kusini; huu mchanganyiko alifundishwa na mimi, nami nilifundishwa na ulimi tu, kwa kukumbuka. Umemchukua miaka kumi kuupata.

Akasema: "Nimempikia mama mkwe miaka thelathini na minane. Leo unataka kuniambia nilikuwa nampikia nani?"

Kisha, baadaye sana, akiosha mikono: "Lakini ukitaka kwenda, nenda. Mimi sitakusema."

Jumapili, 27 Oktoba

Nimejaribu kuichunguza kama hitilafu. Mkono unashuka: oili inapita wapi?

Nikipiga muhuri, navuka. Nitakanyaga ng'ambo kwa siku tatu, ndani ya uzio. Bukchong ni mbali bado, kaskazini zaidi, sitaiona. Mwenye penseli nikimwona nitalazimika kumwambia kwamba neno lile nililisikia kwa jirani. Nitakuwa nimesimama mbele ya mtu pekee anayelijua jiko letu, nikilikana.

Nisipopiga, kitabu kinavuka bila mimi. Kitabu kina bijikke ndani. Nimehakikisha: nyekundu haikuikata. Waliiacha, na maelezo.

Na nikubali jambo jingine hapa, kwa kuwa hakuna wa kusoma. Ninataka sana kwenda. Ninataka mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 28 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Naandikia kwenye benchi la karakana. Trela limeingia uani, kijiko kimeshapanda na kufungwa minyororo, mkono umekunjwa. Kimepakwa rangi. Kinaonekana kijana, ila mimi najua pini zake.

Karatasi nimeirudisha bila muhuri. Tak ameichukua, ameikunja mara nne. Baada ya muda akarudi akanipigia saluti ya kijeshi, huku mimi nimeshika kitambaa cha grisi. Ajabu ya mtu.

Pyo anakwenda peke yake. Amepauka. Tangu saa kumi na mbili ananihoji kama mtoto wa mtihani. Vali ya mkono ukurasa gani? Tisini na nne. Mchezo wa pini? Moja wafaa, mbili badilisha. "Na wakiniuliza kitu kisichomo kitabuni?" Nikamwambia asome kwanza, kisha asimame kando na kutazama. Akasema siku zote alijua nitamfundisha kusali.

Sasa anarandaranda na kitabu kwapani. Ofisa wa forodha anataka kuhesabu kurasa kabla ya kukifunga kwa lakiri. Nimeomba dakika tano nirekebishe kosa, ukurasa wa tisini na nne.

Uko mbele yangu. Swali la penseli liko palepale: "Mwandishi atakuja na mtambo?"

Ningeweza kuandika mengi. Kwamba gurudumu la kinu lilipiga teke. Kwamba nyumba yetu ilikuwa ya tatu juu ya kinu, na paa lake lilikuwa jipya. Kwamba kuna mtu anaitwa Kumnyo. Sitaandika hilo. Nafasi ya pembeni ni sentimita mbili, na huko wako watu wanaosoma kwa kalamu nyekundu.

Dereva wa trela anapiga honi. Pyo anamfokea kwa Kijinju chake asubiri. Ofisa anatazama saa.

Niliandika kwanza "Hatakuja". Si sahihi. Anayekuja ni mgeni; mwenye kwao hurudi. Nimefuta kwa ufutio, karatasi imechubuka kidogo, si sana. Nimeandika upya, herufi za kusomeka, kama za kitabu.

Sitarudi.